Amri ya Sita: Neno «Chafu», Maana Yake na Mahali Pake



Katika mafundisho ya Amri ya Sita na ya Tisa liko neno moja mtakalolisikia mara nyingi kuliko mengine yote. Ndilo neno «chafu». Twasema mawazo machafu, maneno machafu, matendo machafu. Siku mtakapofundishwa kuungama, mtaambiwa mjichunguze juu ya mambo hayo matatu. Watu wengi hulitamka neno hilo kila siku, lakini wachache wamelipima. Na neno lisilopimwa ni kama panga mkononi mwa mtoto: hukata asichokusudia kukata. Basi tulichunguze pamoja. Lina maana gani? Lashikamana na nini? Na ni wapi ambapo Mkristu hana ruhusa ya kulitia?

I. Neno lenyewe

Waliosoma shuleni wanajua kwamba «chafu» ni neno la sifa. Neno la sifa halisimami peke yake. Hutafuta jina, likalifuata, likavaa alama ya jina hilo. Ndiyo maana twasema nguo chafu, maji machafu, kikombe kichafu, mikono michafu, mtu mchafu. Ukilitia kwenye jina lake, umesema kweli. Ukilitia kwenye jina lisilo lake, umesema uongo, hata kama sarufi yako ni safi.

Maana yake ya kwanza ni ya mwili tu. Mtu arudiye kutoka shambani wakati wa masika, udongo umemshika hadi magotini, ni mchafu. Gunia la viazi ni chafu. Ng'ombe aliyelala zizini ni mchafu. Hapo hapana dhambi. Maji na sabuni vyatosha. Tena tope la shamba ni heshima ya mkulima, kwa maana mkono wenye udongo ndio unaomlisha mtoto.

Maana ya pili imeazimwa kutoka kwa ile ya kwanza. Watu waliona kwamba yako mambo yanayoharibu moyo jinsi tope liharibuvyo nguo, wakachukua neno la mwili wakalipeleka rohoni. Ni mfano mzuri, nayo Maandiko Matakatifu hutumia mfano huo. Lakini kitu cha kuazima chataka uangalifu. Tope humshika kila apitaye, awe ameingia kwa kupenda au amesukumwa na mwingine. Aliyesukumwa bondeni na aliyeruka mwenyewe, wote wawili watatoka na tope sawasawa. Dhambi sivyo. Dhambi haimshiki mtu bila yeye kukubali. Anayesahau tofauti hiyo atawahukumu walioonewa pamoja na waliowaonea. Shikeni sana jambo hili, kwa maana tutalirudia.

II. Lugha nyingine zasemaje

Ili kulielewa neno la kwetu, yafaa kusikiliza majirani. Wahispania wana neno lao la mambo ya namna hii: husema «indecente». Wafaransa, ambao lugha yao hutumika shuleni na serikalini hapa Kongo, husema «indécent». Yote mawili yametoka katika Kilatini, lugha ya zamani ya Kanisa. Katika Kilatini, «decet» maana yake ni «yafaa, yastahili». Basi jambo ambalo Mhispania huliita «indecente» ni jambo lisilostahili.

Mtume Paulo aliwaonya Waefeso, katika sura ya 5, kwamba uasherati na uchafu wa kila namna usisikike hata kwa kutajwa kati yao, maana mambo hayo hayawastahili watu watakatifu. Katika Biblia ya Kilatini, mahali hapo neno ni hilo hilo, «decet». Angalieni basi. Neno hilo haliulizi kwanza: «Je, yuko mwenye doa?» Huuliza: «Je, jambo hili lamstahili nani?» Mtoto wa mfalme hali jalalani. Si kwa sababu anaogopa fimbo, bali kwa sababu anajua yeye ni mtoto wa nani. Na ninyi mnaotazamia Ubatizo, mtakuwa watoto wa nani? Watoto wa Mungu. Hicho ndicho kipimo.

Ndugu zetu wanaosema Kinyarwanda, ambao ni wengi hapa Kibabi, husema jambo fulani «biteye isoni», yaani latia haya. Nasi katika Kiswahili tunayo maneno mawili, haya na aibu, yote yaliyotoka katika Kiarabu. Wengine huyachanganya, lakini hayafanani. Haya hutangulia tendo; ni mlinzi asimamaye mlangoni, na mwenye haya ana heshima. Aibu katika Kiarabu ilikuwa na maana ya ila, yaani kasoro. Hufuata tendo, tena yampasa mwenye ila. Na mwenye ila ni nani? Ni aliyetenda, wala si aliyetendwa.

III. Yasiyo machafu

Kabla ya kuyataja yaliyo machafu, tuyataje yasiyo machafu ambayo watu huyaita hivyo.

Mwili si mchafu. Mungu aliumba mume na mke, akaona kazi yake kuwa njema sana. Kitabu cha Mwanzo chasimulia kwamba walikuwa uchi wala hawakuona haya. Baada ya dhambi walijificha. Naye Mungu, badala ya kuulaani mwili wao, aliwatengenezea mavazi ya ngozi. Basi tunavaa nguo kwa sababu mwili ni wa heshima, kama vile kikombe cha Misa hufunikwa kwa sababu ni kitakatifu. Mtume Paulo awaambia Wakorinto neno lile lile: viungo tunavyovificha ndivyo tunavyovipa heshima zaidi.

Damu ya kila mwezi ya msichana si uchafu wa roho. Ni kazi ya Muumba. Kuzaa si uchafu. Tendo la ndoa kati ya mume na mke waliofunga ndoa takatifu si uchafu. Ni sehemu ya agano lao. Kumwosha mgonjwa asiyeweza kujiosha, kuosha maiti ya ndugu, hayo ni matendo ya huruma. Na mama amnyonyeshaye mtoto wake, hata katikati ya Misa, asitazamwe kwa jicho baya. Tarehe 12 Januari 2014, Papa Fransisko alipokuwa akibatiza watoto wachanga katika Kanisa dogo la Sistina huko Roma, aliwaambia akina mama kwamba mtoto akilia kwa njaa wamnyonyeshe pale pale. Kama jambo hilo lafaa mbele ya Papa, je, halitafaa katika kanisa letu la kijijini?

Wazazi, jihadharini hapa. Binti aliyefundishwa tangu utoto kwamba mwili wake wote ni uchafu, amefundishwa pia kunyamaza. Siku atakapoonewa hatakuwa na neno la kusema, kwa kuwa maneno yote ya mwili wake aliambiwa ni matusi.

IV. Yaliyo machafu kweli

Siku moja Mafarisayo waliwanung'unikia wanafunzi wa Yezu kwa sababu walikula bila kunawa. Yezu akawaonyesha, kama tusomavyo katika Injili ya Marko, sura ya 7, kwamba kinachomtia mtu unajisi si kile kimwingiacho kutoka nje. Ni kile kitokacho ndani, moyoni mwake: uzinzi, tamaa, hila, wivu na mengine ya namna hiyo. Basi uchafu wa kweli una chemchemi moja tu, nayo ni moyo unaokubali ubaya.

Wazo. Wazo lipitalo bila kukaribishwa si dhambi. Mpita njia hajawa mgeni wako. Lakini wazo ulilolifungulia mlango, ukalipa kiti, ukalipikia chakula, hilo ni lako.

Neno. Liko tusi la kumtaja mama wa mtu kwa viungo vyake. Ziko hadithi za pombe zinazowafanya wake wa wengine kuwa kichekesho. Na siku hizi ziko picha zinazopita katika simu, kutoka mkono hadi mkono. Picha ya binti ikienezwa kijijini bila ridhaa yake, mwenye neno chafu ni nani? Ni yule aliyeieneza, na wote walioitazama kwa tamaa wakaipeleka mbele. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Leo tuongeze: na kuliko kujikwaa kidole juu ya simu.

Tendo. Uzinzi wa mume au wa mke ni mchafu, kwa maana huvunja agano. Uasherati ni mchafu, kwa maana humtumia mtu kama kitu. Mwalimu amwombaye mwanafunzi mwili wake ili ampe alama njema, mtu wa fedha amnunuaye mtoto machimboni, mkubwa amtishaye mjane ili apate kipande cha shamba: hao wote watenda machafu, hata kama mashati yao yamepigwa pasi.

Lakini hata hapa tujihadhari. Tendo ni chafu. Mtenda hajafungwa na jina hilo milele. Yezu hakumwita mwanamke mzinzi kwa jina walilotaka wengine alitumie. Alimwambia aende, asitende dhambi tena. Mwenye hatia anayetubu hupata maji ya Ubatizo, naye aliyekwisha kubatizwa hupata Kitubio.

V. Neno lililotiwa mahali pasipo pake

Sasa tumefikia jambo lililo zito. Tangu mwaka 1993 nchi zetu za Masisi na Walikale zimejua vita, vikatulia, vikarudi tena. Katika vita hivyo wanawake na wasichana wengi wameshikwa kwa nguvu na watu wenye silaha. Wengine wameonewa bila vita, na jirani, na ndugu, katika njia ya kisima au ya shamba. Mwanamke huyo akirudi nyumbani, watu husemaje? Husema: «Amechafuliwa.» Siku chache zikipita husema: «Ni mchafu.»

Yapimeni maneno hayo mawili. Katika neno «amechafuliwa» bado yuko mtu mwingine aliyetenda, ingawa amefichwa. Katika neno «ni mchafu» yule mtenda ametoweka kabisa! Neno la sifa limetoka kwake likamrukia aliyeonewa. Ndipo mume humfukuza mke wake, binti hakosi kunong'onwa mahali aendapo, na mtoto aliyezaliwa hupewa jina la dharau ambalo hakulitafuta. Aliyetenda hutembea njiani akisalimiwa.

Je, Neno la Mungu lasema hivyo? Sikilizeni. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, chatoa hukumu juu ya msichana aliyeposwa, akavamiwa huko mashambani mbali na watu. Hatia yote yawekwa juu ya mwanaume. Kwa msichana haipo hata chembe. Musa alinganisha jambo hilo na mauaji. Nani amlaumuye maiti kwa kuwa ameuawa?

Tena kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 13, chasimulia habari za Tamari, binti wa mfalme Daudi. Amnoni, ndugu yake wa baba mmoja, alijifanya mgonjwa, akataka Tamari aje kumpikia mikate. Kisha akamshika. Tamari akamsihi, akamwambia kwamba jambo kama hilo halitendwi katika Israeli. Tazameni, huyo binti alisema neno lile lile tulilolitafuta: jambo lisilostahili! Yeye ndiye aliyejua heshima ya watu wa Mungu, si mwana wa mfalme. Amnoni akamlazimisha, halafu akamchukia, akamfukuza, akaagiza mlango ukomewe nyuma yake. Tamari akajitia majivu kichwani, akararua vazi lake, akaenda akilia. Ndugu yake Absalomu akamwambia anyamaze. Mfalme akakasirika, lakini hatusomi kwamba alimwadhibu mwanawe. Baada ya miaka miwili Absalomu alimwua Amnoni, na baadaye vita vikaingia katika nyumba ya Daudi. Hayo ndiyo matunda ya nyumba inayomnyamazisha aliyeonewa.

Hata Walimu wa Kanisa waliliona jambo hili. Mwaka 410 mji wa Roma ulitekwa, na wanawake wengi, hata mabikira waliowekwa wakfu, walishikwa kwa nguvu na askari. Wapagani wakawacheka Wakristu. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, akawajibu katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu. Alifundisha kwamba usafi ni fadhila ya roho. Roho isipokubali, jeuri ya mtu mwingine haiwezi kuuondoa. Hilo ndilo jambo nililowaambia mlishike: dhambi si tope.

Kanisa letu la Kongo lamheshimu Mwenye Heri Anuarite, mtawa aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kumkataa kamanda wa waasi, ambaye Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Twamsifu kwa haki. Lakini mtu asichukue sifa zake akazifanya jiwe la kuwapiga dada zake walio hai. Anuarite alikataa moyoni, nao walikataa moyoni. Yeye aliuawa, wao wamebaki, na kubaki hai si kosa.

Hata sheria ya nchi yashuhudia. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 yaweka adhabu ya kifungo cha miaka 5 hadi 20 kwa anayembaka mtu, na yamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto wa kulindwa. Sheria za Kongo zina pia kosa liitwalo kwa Kifaransa «attentat à la pudeur», yaani shambulio juu ya haya ya mtu. Fikirini maana yake: aliyeshambuliwa ni mtu mwenye haya. Mwizi akivunja mlango, hatusemi kwamba nyumba haikuwa na mlango.

VI. Yatupasayo kutenda

Kwanza, usimwite mwanamke aliyeonewa kwa neno hilo, wala usicheke wengine wakimwita. Ukicheka, umelitamka.

Pili, usieneze habari zake. Ni zake yeye kuzisema kwa amtakaye.

Tatu, msaidie kufika kwa waganga upesi. Ziko dawa za kumkinga na ukimwi, lakini yafaa apewe kabla siku tatu hazijapita. Kwa hiyo anayemwambia akae ndani mpaka maneno ya watu yapoe, anamfungia mlango wa uzima. Majeraha pia yana waganga wake. Huko Bukavu, hospitali ya Panzi iliyoanzishwa mwaka 1999 imewatibu wanawake maelfu, na daktari wake Denis Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa kazi hiyo.

Nne, mume asimfukuze mke wake. Uliahidi kukaa naye katika raha na taabu. Taabu ndiyo hii. Na mtoto aliyezaliwa apewe jina jema, apelekwe kubatizwa kama watoto wengine, kwa maana hakuchagua baba yake.

Marko, sura ya 5, atuonyesha mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Kwa sheria ya zamani alihesabiwa kuwa na unajisi, na kila alichokigusa vilevile. Alipita nyuma ya watu, akaligusa vazi la Yezu kwa siri. Je, Yezu alipata unajisi? La, yeye ndiye aliyepona. Yezu akageuka, akamtafuta mbele ya umati wote, akamwita binti. Miaka 12 watu walikuwa na neno moja juu yake. Bwana akaliondoa, akaweka lingine.

Maswali ya kukumbuka

Ni nini kimtiacho mtu uchafu wa roho? Ni ubaya ambao moyo wake mwenyewe umeukubali.

Je, mwili wa mtu ni mchafu? Hapana, mwili ni kazi ya Mungu, nao utakuwa hekalu la Roho Mtakatifu kwa Ubatizo.

Mtu aliyeshikwa kwa nguvu ametenda dhambi? Hakutenda. Dhambi ni ya aliyemshika.

Neno «chafu» litiwe wapi? Kwenye tendo baya, wala si kwenye jina la aliyeonewa.

Tusali

Ee Yezu, uliyemgusa mwenye ukoma wala usichafuke, utakase mioyo yetu na ndimi zetu. Walioonewa katika nchi yetu uwarudishie heshima mbele ya watu, kwa maana mbele yako hawakuipoteza kamwe. Amina.